Mgema Alitia Maji Kiasi Gani? Hesabu ya Fomu Tatu Ndani ya Shilingi ya Nyanya

Wadau, hii posti ni ndefu kuliko kawaida yangu. Ina hesabu, ina historia, na mwisho wake kuna bili ambayo mtu fulani alilipishwa bila kuulizwa. Vumilieni.

Juzi jioni nilikuwa nimekaa uani kwa nyanya hapa Kinango. Stima imepotea, bando imeisha, na mimi nasubiri zote mbili zirudi. Binamu yangu yuko fomu tatu. Akanijia na daftari.

"Kaka, wewe si ulifika chuo? Nisaidie hii."

Kufika nilifika. Kumaliza ndiyo sikumaliza. Mwaka wa pili karo ilinishinda, nikarudi nyumbani na begi moja na simu moja, na hiyo simu ndiyo inanilisha mpaka leo. Lakini mtaani bado mimi ni "yule wa chuo", kwa hivyo siwezi kukataa swali la hesabu mbele ya nyanya. Nikalichukua daftari.

Swali lenyewe: mfanyabiashara ana aina mbili za mchele, mmoja shilingi 120 kwa kilo, mwingine shilingi 180. Anataka gunia la kilo 60 ambalo kila kilo imgharimu shilingi 140. Achukue kilo ngapi za kila aina?

Binamu akaniuliza kitu ambacho hata mimi niliwahi kuuliza nikiwa darasa lake. "Kwani ni nani huchanganya mchele? Si auze tu kila mmoja peke yake?"

Nyanya alikuwa amejilaza kwenye mkeka, tukidhani amelala. Akacheka.

"Mjukuu wangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mtu huchanganya. Hata serikali ya Mzungu ilichanganya."

Akaingia ndani, akatoka na leso kuukuu iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na sarafu moja. Upande mmoja mfalme George wa Tano, upande wa pili simba na milima nyuma yake, mwaka 1924. Shilingi ya Afrika Mashariki.

"Hii aliniachia mamangu," akasema. "Na yeye alikuwa akisema rupia ukiigonga kwenye jiwe inalia, lakini shilingi inakohoa."

Stima iliporudi usiku, badala ya kuhariri klipu, nilikaa nikifanya hesabu. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na mgema

Methali ya mgema kila mtu wa pwani anaijua. Tunaitumia kumsema mtu aliyeharibika kwa kusifiwa. Lakini hebu isome kama swali la hesabu. Inakwambia mgema alitia maji. Haikwambii alitia kiasi gani. Na wewe mnunuzi uliyelipa bei kamili, hicho ndicho unachotaka kujua.

Tuseme mgema ana dumu la lita 20 la tembo safi. Anamwaga robo kwenye dumu lake lingine, yaani lita 5, alafu anajaza maji mpaka juu. Dumu bado ni lita 20, macho hayaoni tofauti. Lakini ndani kuna lita 15 za tembo na lita 5 za maji. Nguvu imeshuka hadi asilimia 75. Bei haijashuka.

Sasa, hili swali la robo sikulitunga mimi. Liliandikwa Misri, hapa hapa Afrika, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Karani mmoja anayeitwa Ahmes alinakili kwenye mafunjo mkusanyiko wa maswali ya hesabu, yeye mwenyewe akisema anayatoa kwenye maandishi ya zamani zaidi. Swali la 71 linasema hivi kwa ufupi: mtungi mmoja wa pombe umemwagwa robo, ukajazwa maji, je, nguvu ya pombe sasa ni ngapi? Hayo mafunjo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti anayeitwa Alexander Henry Rhind, na leo yako British Museum, London. Yaani mgema wa Misri alikuwa anatia maji kabla hata Mombasa haijaitwa Mombasa, na tayari kulikuwa na karani aliyekaa chini kumpigia hesabu.

Kwa hivyo mwalimu akikwambia maswali ya michanganyiko yametoka ng'ambo, mwambie wamechelewa.

Lundo, kitu, x

Kinachotuchanganya wengi shuleni si mchele wala tembo. Ni ile herufi x. Mimi nilikuwa nikiiona naanza kutoka jasho, kwa sababu hakuna aliyenieleza inatoka wapi.

Wamisri wa wakati wa Ahmes, kile ambacho bado hawakijui walikiita kwa neno lenye maana ya lundo au fungu. "Lundo, ongeza robo yake, inakuwa 15." Hiyo ni aljebra tayari, bila herufi hata moja.

Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, wakati wa khalifa al-Ma'mun, mtu anayeitwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Neno "aljebra" limetoka kwenye jina la kitabu hicho, na neno "algorithimu", lile mnalolaumu kila siku video zikikosa watazamaji, limetoka kwenye jina lake mwenyewe. Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama fundi wa mifupa. Ukiondoa kitu upande huu, ukirudishe na upande ule, mizani ikae sawa.

Na hakuandika ili wanafunzi wafeli. Alisema wazi kitabu ni cha mambo ambayo watu wanayahitaji kila siku: mirathi, biashara, kesi, kupima mashamba, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi tupu. Kuna na sehemu ya muamalat, shughuli za kununua na kuuza. Sikiliza hilo neno vizuri. Ni lile lile "muamala" tunaloliona tukituma pesa kwa simu. Na kile asichokijua alikiita tu "kitu". Hakutumia alama yoyote, aliandika yote kwa maneno.

Herufi zilikuja baadaye sana. Ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu cha mwaka 1637, aliyezoesha watu kutumia x, y na z kwa visivyojulikana. Kwa hivyo x ni mgeni. Lundo na kitu ndio wenyeji. Ukiona x kwenye karatasi, soma "kitu", itakuwa rahisi.

Tulivyolitatua la mchele

Nilimwambia binamu: sahau fomula. Swali la mchanganyiko lina sheria moja tu. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Mchele ukiuchanganya haupungui, na pesa uliyonunulia haipotei.

Tuite kilo za mchele wa 120 "kitu", yaani x. Gunia ni kilo 60, kwa hivyo mchele wa 180 ni kilo 60 kutoa x. Sasa hesabu pesa.

Pesa ya mchele wa kwanza ni 120x. Pesa ya mchele wa pili ni 180(60 − x). Zikijumlishwa lazima zilingane na pesa ya gunia zima, kilo 60 kwa 140, ambayo ni 8,400.

120x + 180(60 − x) = 8,400
120x + 10,800 − 180x = 8,400
60x = 2,400
x = 40

Kilo 40 za bei ya chini, kilo 20 za bei ya juu. Binamu akahakikisha: 40 mara 120 ni 4,800, na 20 mara 180 ni 3,600. Jumla 8,400. Akatabasamu. Alafu akasema, "Kwa hivyo nikinunua mchele dukani kwa bei ya 180, na ndani umechanganywa hivi, nimeibiwa shilingi 40 kila kilo."

Nyanya kutoka mkekani: "Ehee. Sasa ameanza kusoma."

Fedha ndani ya fedha

Turudi kwenye ile sarafu. Kiswahili kina jambo moja zuri hapa. "Fedha" ni ile metali nyeupe, na "fedha" ni pesa. Neno moja kwa sababu zamani kilikuwa kitu kimoja. Na watengenezaji wa sarafu ndio waliolipa umri mrefu hili swali la fomu tatu. Mwaka 1202 Mwitaliano Leonardo wa Pisa, yule tunayemjua kama Fibonacci, alitoa kitabu chake cha hesabu, na ndani yake kuna sura nzima ya kuchanganya fedha na shaba ili kutengeneza sarafu. Hesabu hizo za Kihindi na Kiarabu alianza kujifunza akiwa kijana Bugia, mji wa pwani ya Algeria unaoitwa leo Béjaïa. Tena Afrika.

Kwetu, kabla ya shilingi kulikuwa na rupia. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipiga sarafu zake za Mombasa mwaka 1888, rupia na vipesa vya shaba. Neno letu "pesa" lenyewe linatokana na paisa ya Kihindi. Alafu ikaja reli kuanzia 1896, na vibarua kutoka India waliozoea rupia. Reli hiyo ilikata upande wetu huu, Samburu, Taru, Mackinnon Road, na rupia zikatembea nayo. Mwaka 1905 serikali ikaweka kiwango rasmi: rupia 15 kwa pauni moja ya Kiingereza. Maana yake rupia moja ilikuwa shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani peni 16, kwa sababu shilingi moja ya Uingereza ilikuwa peni 12.

Sasa tazama ndani ya sarafu. Wakati huo uzito wa sarafu ulipimwa kwa greni, kipimo kidogo sana. Gramu moja ni kama greni 15 na nusu. Rupia ilikuwa na uzito wa greni 180, na sehemu 11 kati ya 12 zilikuwa fedha halisi. Yaani greni 165 za fedha.

Desemba 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini. Uzito ule ule, greni 180, lakini fedha nusu tu. Greni 90. Watu hata hawajaizoea, ikaja shilingi, sarafu za kwanza zikiwa na mwaka 1921. Uzito wake greni 120, na fedha robo tu. Greni 30.

Viwango vya kubadilisha vilikuwa hivi: rupia moja kwa florini moja, florini moja kwa shilingi mbili. Kwa hivyo aliyekuwa na rupia moja aliishia na shilingi mbili mkononi. Sarafu mbili badala ya moja, mtu anaweza hata kufurahi. Hesabu fedha iliyomo: greni 60. Alianza na 165. Greni 105 hazimo tena mkononi mwake.

Sasa hebu tumuulize mgema swali letu. Kama ungeiyeyusha rupia moja na kuitia shaba na metali nyingine mpaka iwe na fedha robo kama shilingi, ungetia kiasi gani? Kiite kitu, x. Fedha iliyoingia ni 165 na haiongezeki. Lazima iwe robo ya uzito wote mpya.

165 = ¼(180 + x)
660 = 180 + x
x = 480

Greni 480 za maji, samahani, za shaba, kwenye rupia ya greni 180. Na uzito mpya, greni 660, ungetoa shilingi ngapi za greni 120? Tano na nusu.

Soma tena hapo. Fedha ya rupia moja ingetosha shilingi tano na nusu. Mwenye rupia alipewa mbili. Sisemi kila rupia iliyeyushwa hivyo. Nasema tu kile ambacho mlinganyo unasema, na mamake nyanya aliyasikia hayo kwa sikio: moja inalia, nyingine inakohoa.

Nisiwe mgema na mimi

Nikiishia hapo nitapata watazamaji wengi, lakini nitakuwa nimewatilia maji. Kuna upande wa pili.

Kwanza, thamani ya sarafu si fedha iliyomo peke yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda kupita kiasi, ikafika kilele mapema 1920, alafu ikaanguka. Sarafu zikawa ghali kuzitengeneza. Hata Uingereza ilijitilia maji yenyewe: mwaka huo huo wa 1920 ilishusha fedha kwenye sarafu zake kutoka asilimia 92.5 hadi 50.

Lakini angalia, wao waliishia nusu, sisi tukapelekwa robo. Shilingi ya Uingereza ilikuwa na uzito wa gramu 5.66, ya kwetu gramu 7.78. Ya kwetu kubwa, nzito, ina simba. Ndani, ya kwao ilikuwa na gramu 2.83 za fedha, ya kwetu gramu 1.94. Na zote mbili zilihesabiwa sawa, 20 kwa pauni. Dumu kubwa, tembo kidogo.

Pili, kwenye karatasi rupia ilipanda thamani. Kutoka peni 16 serikali iliipandisha ikawa peni 24, yaani rupia 10 kwa pauni. Na hapa ndipo pana stori yenyewe, kwa sababu hapa kuna mtu alilia kabla ya Mwafrika: setla mwenye deni. Setla aliyekopa rupia 1,500 alikuwa na deni la pauni 100. Baada ya kiwango kubadilika, rupia zile zile 1,500 zikawa pauni 150. Hajakopa hata senti ya ziada. Na mazao yake anauza ng'ambo kwa pauni.

Sasa huyu setla atapata wapi ile tofauti? Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Kwa nini theluthi? Toa theluthi ya peni 24. Ni 8. Zinabaki 16. Ile ile peni 16 ya mwaka 1905. Walikuwa na mlinganyo wao na wakautatua vizuri sana. Kile kilichopanda kikarudishwa mahali pake, al-jabr kamili. Tatizo ni kwamba kilirudishwa upande mmoja tu.

Kwa sababu kodi haikurudi. Kila boma lilikuwa linalipia kodi ya kibanda. Mwaka 1920 kodi hiyo ilipandishwa kutoka rupia 5 hadi rupia 8, ambazo kwa pesa mpya zikawa shilingi 16. Tuseme kibarua alikuwa akilipwa rupia 6 kwa mwezi. Kabla ya hayo yote, kodi ya rupia 5 ilimla siku 25 za kazi. Baadaye rupia zake 6 zikawa shilingi 12, zikakatwa theluthi, zikabaki 8. Kodi shilingi 16. Miezi miwili ya kazi, hajala, hajavaa, na shingoni amening'iniza kipande.

Kwa hivyo kuna njia mbili za kutia maji. Unaweza kutia kwenye sarafu, au unaweza kutia kwenye kile ambacho sarafu inakufanyia. Ya kwanza unaisikia ukiigonga kwenye jiwe. Ya pili unaisikia tumboni.

Walioisikia walisimama. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu kwenye hazina ya serikali Nairobi, alianzisha mwaka huo wa 1921 chama cha vijana Wakikuyu, alafu kikawa East African Association, kikipinga kukatwa mishahara, kodi na kipande. Vijana, wadau. Thuku mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na kitu. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 umati ukajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu rasmi ilisema watu 21 walikufa. Wengine wanasema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, akaachiliwa mwishoni mwa 1930.

Mwaka huo wa 1922 kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Kwa kibarua wetu wa shilingi 8, hiyo ni mwezi mmoja na nusu. Watu walikufa kwa tofauti ya shilingi nne.

Na sarafu? Iliendelea kukohoa. Shilingi za mwaka 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kenya ikatoa shilingi zake yenyewe mwaka 1966. Lakini neno "fedha" tumebaki nalo.

Koroboi

Utasema hayo ni ya zamani. Sawa, njoo 2018.

Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Wajanja wakawa wanachanganya. Mchukue mjanja mmoja wa mfano: dizeli shilingi 100 kwa lita, mafuta ya taa 80. Kwenye lita 100 anatia x za mafuta ya taa, na anauza zote kwa bei ya dizeli. Faida ya wizi ni 20x. Akitia lita 30, ni shilingi 600 za bure.

Serikali ikaamua kuzuia. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kwa mfano wetu, tofauti ya bei inakuwa shilingi 2, na ile faida ya 600 inakuwa 60. Mjanja anaona haina maana. Kihesabu, ni jibu safi.

Lakini tazama ni nambari ipi iliyobadilishwa. Ni bei ya mafuta ya taa. Nani anachoma mafuta ya taa? Si mwenye lori. Ni nyanya yangu, aliyekuwa na koroboi kwenye hii nyumba kabla hatujaletewa stima. Ni mtoto wa ndani ndani huko anayesoma swali la mchele usiku. Yule aliyechanganya alipoteza faida yake ya wizi. Yule ambaye hajawahi kuchanganya chochote alilipa shilingi 18 kila lita.

Ni theluthi ya 1921 tena. Mlinganyo umetatuliwa, mizani imekaa sawa, na uzito umewekwa kwa aliye mbali na mizani.

Ndiyo maana nimeandika yote haya. Miaka mingi nilidhani hesabu ni ya wale wa alama A, na sisi wengine tutafute riziki. Nikiwa darasani sikuwahi kuuliza nani ameshika dumu. Lakini waliotuwekea viwango, kodi na tozo hawakuwahi kuogopa x. Walijua kuitafuta. Sisi ndio tulioambiwa ni ngumu. Kwa binamu yangu, mtihani utapita, lakini maisha yake yote kuna mtu atakuwa anamchanganyia kitu: mshahara, mkopo wa simu, kilo ya mchele. Sitaki ajue methali peke yake.

Asubuhi nilimwonyesha nyanya hesabu yangu. Aliangalia ile 480, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia hayo ndiyo maji. Akaifunga shilingi yake tena kwenye leso.

"Mamangu hakujua kusoma," akasema, "lakini hilo jibu alikuwa nalo."

Binamu ameniachia swali la kuwapa nyinyi, amelitunga mwenyewe. Florini ilikuwa na uzito wa greni 180 na fedha nusu. Ungetia metali kiasi gani ili iwe na fedha robo kama shilingi, na zingetoka shilingi ngapi? Alafu kumbuka mwenye florini alipewa mbili. Leteni majibu, na muonyeshe njia. Anasahihisha yeye.